Mkwe Hatajwi Jina

Mwanahalima alikuwa amekwisha kujipaka sabuni kichwani aliposikia mtu anakohoa nje ya bafu. Hakikuwa kikohozi cha ugonjwa. Kilikuwa kikohozi cha adabu, kifupi, chenye kuuliza: kuna mtu humo? Akakijua. Katika kijiji kizima cha Mkarambatini mtu mmoja tu alikohoa vile, naye ni Shomari, mume wa binti yake.

Mkwe hamjibu mkwe akiwa hana nguo. Hata akiwa nazo, hamjibu sana. Mwanahalima akajikunyata nyuma ya uzio wa makuti, ambao jua lilikuwa limeukausha mpaka ukawa na mianya ya kupitisha paka, akalishika kopo kwa mikono miwili kama mtu aliyewekeshwa amana. Povu likamwingia jichoni. Hakupiga ukelele. Huko nje Shomari hakusikia jibu, na kijana aliyelelewa anajua kwamba kimya cha bafuni nacho ni jibu. Taabu ni kwamba hakujua ni jibu gani. Akabaki amesimama na ndoo yake, amegeukia shamba la mihogo, akingoja.

Basi wakangojana. Mmoja ndani povu linamkaukia, mmoja nje maji yanampolea. Jogoo akapita katikati yao, akamtazama huyu, akamtazama yule, akaenda zake. Jogoo hana mkwe.

"Baba Zubeda," mkewe Mwamini akaita kutoka jikoni, "umesimama hapo kama nguzo ya simu, unafanya nini?"

"Natazama mihogo."

"Ina nini mihogo?"

Shomari akahamisha ndoo mkono. Mwamini akapitisha macho nyumbani mwake, akaona mtu mmoja hayupo, akaelewa. "Hebu njoo unisaidie kuipua sufuria!" alipaza sauti, ingawa jikoni hapakuwa na sufuria, palikuwa na chungu kimoja cha uji ambacho hata mtoto angekishusha.

Shomari alikwenda, na kwa kweli alikwenda mbio. Mwanahalima akatoka amejifunga kanga juu ya povu, akaingia chumbani kwake, akashindika mlango, akakaa juu ya kitanda cha kamba akilia kwa jicho moja. Lile lililoingia sabuni. La pili alilikataza.

Chumba chenyewe ndicho kilichokuwa kosa, na kosa lenyewe halikuwa na mwenyewe.

Mwaka ule wa operesheni ya vijiji watu walitakiwa watoke kwenye vitongoji vyao vya mbalimbali, kila mtu na mnazi wake na jirani yake wa kusikia kwa mbali, waje wajenge pamoja kwa mistari. Aliyeletwa kupima mistari ni kijana mmoja wa ofisi za Kibaha, Bwana Didas, mrefu, mpole, kwao huko ziwani. Alikuja na kamba na vigingi vya kupigilia, akapanda juu ya kichuguu, akawajengea watu mji kwa kidole hewani. Hapa shule. Hapa zahanati. Hapa duka la ushirika. Hapa barabara, na miti pande zote mbili, wajukuu wenu wapite kivulini. "Leo kijiji," akasema, "kesho mji. Na mji haujaribiwi kama kanzu. Ukiukosea mstari, kosa litaishi kuliko wewe." Akakataza miti ya bondeni isikatwe. Akataka nyumba za zamani zibomolewe kwa upole, nguzo na milango zibebwe zitumike tena, msitu upumue. Wazee wakasema kijana huyu, ingawa kwao mbali, ana akili ya mtu aliyepata kuezeka.

Siku ya kuandika kaya Mwanahalima hakuwepo. Alikuwa Kibuta, Kisarawe huko, kwenye msiba wa kaka yake. Shomari akasimama mbele ya meza.

"Watu wako?" Didas akauliza.

"Mke wangu, Mwamini. Mtoto, Zubeda. Na mama."

"Jina la mama?"

"Mama."

"Mama nani?"

"Mama tu, bwana."

Didas akainua kichwa. "Shomari, hulijui jina la mama yako?"

Watu wote wakatazama chini, kama waliodondosha sindano. Walijua. Jina la mama mkwe halipiti kinywani mwa mkwewe. Shomari hakupata kulitamka tangu alipooa, na yule mwanamke mwingine wa kijijini mwenye jina hilohilo alimwita "wewe hapo". Lakini kusimama na kumsaidia mtu kumtaja mkwe wake hadharani ni kama kumsaidia kuvua shuka. Hakuna aliyesaidia. Didas naye akatabasamu kwa kuelewa, na hapo ndipo alipokosea. "Nimekupata. Heshima. Hata kwetu mama ni mama." Akaandika: mama mzazi. Kaya moja, kiwanja kimoja, nyumba moja.

Mwanahalima aliporudi kutoka Kibuta alikuta nyumba yake ya zamani, aliyoizoea peke yake ng'ambo ya kijito, imekwisha kuingia ndani ya nyumba ya Shomari. Nguzo zake, mlango wake wa mninga, fito zake zilizokuwa bado nzima, zote zimo. Na yeye sasa alitakiwa azifuate.

"Umekonda," alisema Biubwa.

Biubwa alikaa mstari wa pili. Alikuwa mtani wa Mwanahalima kwa ukoo, na mtani hana hodi wala haya. Alijikalia juu ya kinu kilicholazwa, akachukua muhogo mmoja kwenye ungo bila kuomba.

"Umekuwa kama ufito uliosahauliwa kufungwa."

"Na wewe umenona kama mbuzi wa hitima," Mwanahalima akamjibu, akiendelea kumenya.

"Mbuzi wa hitima ana siku yake. Mimi yangu bado, ndio kwanza nalishwa. Kunywa maji basi, midomo imekupasuka."

"Sina kiu."

"Kwa jua hili? Hata mawe yana kiu."

Mwanahalima akatazama mlango wa mbele, akatazama wa nyuma. Akashusha sauti. "Nikinywa, nitakwenda. Nikienda, nitamkuta. Juzi nimevuta pazia la choo, yumo, anafunga mkanda. Nikarudi kinyumenyume mpaka nikakalia mtungi. Mtungi ukavunjika, yeye humo ndani anasema 'samahani, samahani' kama ndiye aliyeuvunja. Sasa nakunywa funda moja jua likizama, basi."

"Na mkojo?"

"Unangoja."

"Unangoja nini, mkutano?"

Biubwa akacheka peke yake, kisha akaacha. Akamtazama mwenzake vile watani wasivyotazamana. "Mkojo si mgeni, dada, huuambii kaa barazani. Utakufa."

"Bora nife na sitara yangu."

"Ukifa utaoshwa. Na wa kuchota maji ya kukuoshea ni nani, kama si yeye?"

Kisu kikasimama kwenye muhogo. Hilo Mwanahalima hakuwa amelifikiria.

"Ana ubaya gani lakini huyo Shomari?"

"Angekuwa na ubaya ningemtukana nikapona. Ni mwema, Biubwa, ndiyo taabu yake. Mlango wangu ukilia tu, yeye anatoka nje, liwe jua liwe umande. Chakula anakula barazani kama mgeni. Mwanangu analala na mume anayeogopa kukoroma. Nyumba yake mwenyewe, anaitembelea kwa vidole vya miguu! Na nikitaka kumwambia neno nafanyaje? Nazungumza na kuku. 'We kuku, mwambie mwenye nyumba paa linavuja.' Kuku wenyewe wamechoka."

"Basi usizungumze na kuku. Nenda kwa yule kijana mwenye kamba."

Ofisi ya kijiji ilikuwa na paa lakini ilikuwa haijapata kuta, kwa hiyo siri yoyote iliyosemwa humo ilifika kisimani kabla ya mwenyewe. Bwana Didas aliinuka alipomwona Mwanahalima, akampisha kiti. Abdala, mwenyekiti wa kijiji, alikuwa pembeni akinoa penseli kwa wembe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuomba kiwanja."

"Kiwanja unacho, mama. Wewe na mwanao mko mstari wa mbele, mahali pazuri kuliko pote. Wageni wakija nawaonyesha nyumba yenu kwanza."

"Mwana huyo sikumzaa. Nimemzaa mkewe."

Watu waliokuwa wamepanga foleni ya majembe wakatega masikio. Didas akafungua daftari lake, akasoma, akafikicha macho. "Aa. Kumbe ni mkwe. Nitasahihisha." Akakata neno moja, akaandika jingine, akatabasamu. "Lakini si ndiyo vizuri zaidi? Watu wanasimanga wakwe zao, wewe mkweo amekutia ndani. Ujamaa ndio huo huo, mama."

"Ni vizuri. Lakini nataka nyumba yangu, hata banda."

"Kwa nini?"

Hapo Mwanahalima akaitazama foleni. Foleni yote ilikuwa ya wanaume. Mle bandani, kwa sauti ya kusikika, mwanamke wa makamo yake aseme neno choo? Akasema, "Kwa sababu."

"Amekutukana?"

"Hajanitukana."

"Mkewe? Binti yako?"

"Hajanitukana mtu."

"Mwenyekiti," Didas akageuka, "nisaidie. Kuna nini hapa?"

Abdala akapuliza vumbi la penseli. Alijua kila kitu, naye pia alikuwa na mama mkwe. "Mambo haya, Bwana Didas, ni mazito."

"Mazito vipi?"

"Mazito tu."

Mtu mmoja kwenye foleni akasema, "Bibi anataka kuolewa huyo, anaona haya kuleta bwana kwa mkwe!" Wakaangua kicheko. Mwanahalima akajifunika ushungi mpaka machoni. Alikuwa na jibu, jibu zuri sana, lililomjia ulimini likiwa moto. Akalimeza, kwa maana jibu lile lingehitaji kikao kizima kulifuta.

Didas hakucheka. "Mama, nisikilize. Mtu mmoja hapa alinigawia kaya yake mara tatu apate viwanja vitatu, mpaka mbuzi wake nusura nimwandike mkuu wa kaya. Sasa tumepatana hivi: kaya inagawanywa na mkuu wake mwenyewe, mkutanoni, mbele ya watu. Asimame ataje nani anatoka, jina lake kamili. Jumamosi nafunga viwanja. Baada ya hapo mpaka masika yapite."

"Ataje jina langu? Yeye?"

"Jambo dogo tu, mama. Jina."

Mwanahalima akaondoka. Aliyecheka kwenye foleni akampisha njia kwa heshima kubwa, na heshima ile ilimuuma kuliko kicheko.

Alianguka Alhamisi, kwenye shamba la kijiji, jembe mkononi. Wanawake walidhani ni jua. Walipomnyanyua akashika tumbo la chini akauma kanga. Wakampakia kwenye baiskeli, mmoja akishika usukani, mmoja akimshikilia, mpaka kwa mganga wa zahanati huko barabarani, mzee aliyemtazama ulimi, akambonyeza, akauliza maswali mawili tu. Akampa vidonge. Kisha akamwita Mwamini pembeni.

"Mama yako anajinyima maji. Anabana mkojo. Mnakaa jangwani?"

"Tunakaa mstari wa mbele," Mwamini akasema, machozi yakimtoka.

Jioni ile alimkuta mumewe barazani, sahani mapajani, mgongo ameupa mlango kama kawaida.

"Baba Zubeda. Jumamosi utasimama utaje jina la mama."

Shomari akaweka tonge chini. "Nitalitajaje?"

"Kwa mdomo."

"Baba yangu amekufa hajalitaja la mkwe wake."

"Basi mama yangu atakufa hajaenda choo."

Shomari akainamisha kichwa. Ndani, nyuma ya ukuta, Mwanahalima amelala na kopo la maji pembeni, alisikia kila neno, na akatamani ukuta ungekuwa mnene.

"Unadhani sioni?" Shomari akasema taratibu. "Nasikia akiamka, natoka. Nikitoka najua ameona nimetoka kwa ajili yake, anaona haya, anarudi kulala. Nikibaki, hatoki. Nimejaribu kwenda porini, mke wangu. Mtu mzima, nyumba yangu ina choo kipya, naenda porini kama fisi. Bado akanikuta njiani."

"Mtaje basi yaishe."

"Nikimtaja mbele za watu nimempa nyumba na nimemvua nguo siku hiyo hiyo. Atakaa humo na nani atamsalimu? Mimi nitamtazama nani usoni?"

"Humtazami sasa."

"Simtazami kwa kuwa namheshimu. Kesho nitakuwa simtazami kwa kuwa nimemvunjia. Si kitu kimoja, Mama Zubeda."

Mwamini akainama. Akachukua sahani. Alipofika mlangoni akasikia mumewe anauliza, kwa sauti ya mtu anayepima ubao, "Bwana Didas alisema nitaje anayetoka?"

"Ndivyo alivyosema. Anayetoka, jina kamili."

"Haya," Shomari akasema.

Jumamosi watu walijaa. Didas alikuwa na kamba yake begani na daftari lake wazi, kaya mbili zilikuwa zimekwisha kumaliza mambo yao, na mawingu ya kwanza yalikuwa yamejipanga upande wa Ruvu kama nayo yametakiwa yakae kwa mistari. Mwanahalima alikaa nyuma kabisa ya wanawake. Hakutaka kuja. Biubwa alimvuta. "Ukikaa nyumbani utasikia kwa watu, na watu huongeza chumvi. Njoo usikie bila chumvi."

"Kaya ya Shomari," Didas akaita.

Shomari akasimama. Alikuwa amevaa kanzu ya Idi. Mwanahalima akavuta ushungi, akafumba macho, akaomba ardhi ipasuke hata kidogo, ya kumtosha yeye tu.

"Naigawa kaya yangu," Shomari akasema.

"Taja anayetoka. Jina kamili."

"Anayetoka ni Shomari bin Mbegu. Na mkewe Mwamini, na mtoto wao Zubeda."

Watu wakadhani hawakusikia vizuri. Didas mwenyewe akasita, kalamu hewani. "Shomari. Wewe ndiye mkuu wa kaya."

"Ndiyo, bwana. Mkuu wa kaya anatoka. Sheria haikukataza."

"Haikukataza," Didas akakubali, taratibu, kama mtu anayekagua kamba yake mwenyewe akakuta ina fundo. "Lakini umefikiri? Nyumba ile ndiyo iliyotangulia kumalizika. Na mimi kiwanja kilichobaki ni kimoja, mstari wa mwisho kabisa, chini karibu na bonde. Masika hayo yanakuja. Utaanza kuchimba mashimo leo?"

"Hata sasa hivi. Mlango wa ile nyumba si wangu. Nguzo si zangu. Mimi nilitia udongo tu, na udongo haukwisha duniani."

Watu wakamgeukia Didas. Abdala mwenyekiti akatoa leso, akajipangusa uso, akasema kwa mara ya kwanza neno refu: "Bwana Didas, mpe."

"Nitampa. Lakini ile nyumba ya kwanza sasa lazima niiandikie mwenyewe. Nani anabaki?"

Shomari akafungua mdomo, akaufunga. Jasho likamtoka. Na hapo Biubwa akainuka huku nyuma, akapiga kofi moja kama anayefukuza kunguru.

"Mimi nitakuambia, mwanangu! Mimi mtani, sina haya, haya zangu niliwauzia ukoo wao zamani wakanipunja! Andika: Mwanahalima binti Kibwana. Mbishi, mchoyo wa muhogo, na mapishi yake yanahitaji dua. Umeandika mbishi?"

"Nimeandika jina," Didas akasema, na safari hii yeye ndiye aliyecheka, na mkutano wote ukacheka naye, na jina la Mwanahalima likapita juu ya vichwa vya watu likiwa limevikwa mzaha wote ule, hata hapakuwa na aliyeliona uchi. Shomari alikuwa amejiziba masikio. Kwa adabu tu, maana alisikia.

"Niliomba choo," Mwanahalima akanong'ona, "nimepewa nyumba."

"Pokea," Biubwa akamwambia akikaa. "Wenzako wameomba nyumba wakapewa mkutano."

Jioni ile Mwanahalima alikunywa kopo zima la maji, akiwa amesimama, kisha akanywa la pili. Akaenda choo na akarudi bila haraka. Hakuna aliyekohoa. Akakaa barazani pake, mstari wa mbele, mahali pazuri kuliko pote, akaona jinsi nyumba ilivyo kubwa. Mwamini alikuwa amekwisha kubeba vyungu. Mkeka wa Zubeda haupo. Chini kule karibu na bonde familia nzima ililala chini ya turubai la kuazima, na ngurumo ilikuwa ikizunguka Magindu kama mtu anayetafuta nyumba gizani.

Alitaka sitara, akaipata. Hakuna aliyemwambia kwamba atalipa kwa kumtoa mwanawe nje.

Watu wa Mkarambatini walikuwa na maneno mengi, lakini mtu anapojenga huku mvua iko njiani, maneno huwekwa kando. Nguzo zilisimama kwa siku chache. Zilitoka kwenye mabanda ya zamani ya watu, huyu mbili, yule moja. Bwana Didas alivua shati, akachimba mwenyewe mtaro wa kupitisha maji nyuma ya kiwanja, akainua msingi kwa kifusi mpaka magotini. "Hapa ningeacha wazi pawe pa kupumulia bonde," alimwambia Abdala. "Kwa kuwa nimempa mtu, basi mtu asilale majini." Paa likaezekwa. Ikabaki kukandika, na kukandika ni kazi ya ujima: wanawake wanachota maji na kukanyaga udongo, na kila ukuta unataka watu pande mbili, mmoja ndani, mmoja nje, wakishindilia madonge kwenye fito mpaka udongo wa huyu ukutane na udongo wa yule.

Mwanahalima alikuja asubuhi. Mama mkwe haendi kwenye jengo la mkwewe, kila mtu alijua, na kila mtu alimwona, na kila mtu akapata la kutazama upande mwingine. Hakupita mbele. Alizunguka nyuma, penye mtaro, akajifunga kanga kiunoni, akaanza ukuta wa nje akiwa peke yake.

Upande wa ndani palikuwa na mtu. Hakumwona, udongo ulikuwa umefika kiunoni na aliyekuwa ndani alikuwa ameinama. Lakini donge lilipotoka ndani, lilipigwa kwa utaratibu, mara moja, kisha likabonyezwa kwa kiganja, kama mtu anayeomba radhi. Akamjua.

Mkono wake ukasimama hewani na donge. Angeweza kuhamia ukuta wa pili. Wanawake wenzake walikuwa huko, wakiimba. Ngurumo ikapiga, karibu kuliko jana.

Akalipiga donge.

Wakapandisha hivyo, hili lake, hili lake. Udongo ukapita tumbo. Pahali pamoja fito zilikuwa zimeachana, donge lake likapenya likaanguka ndani, likasikika likitua mguuni mwa mtu.

"We—" Mwanahalima akatazama huku na huku. Hapakuwa na kuku wa kumtuma, wote wamekimbia ngurumo. Akameza mate. "Baba," akasema. "Hapo pana tundu. Shikilia kwa ndani, mimi nitie kwa nje."

Ndani donge likaokotwa. Kisha: "Naam, mama."

"Umeumia?"

"Hapana, mama. Ni udongo."

"Shikilia basi."

Akashikilia. Akatia. Vidole vyao vikagongana ndani ya tope, kila mmoja akauvuta mkono wake kama aliyegusa jiko, kisha kila mmoja akaurudisha, maana tundu lilikuwa pale pale na lingebaki pale.

"Vyumba umekata vingapi?" akauuliza ukuta.

"Viwili, mama. Na barazani nimeacha nafasi ya mgeni."

"Mgeni gani?"

"Wa kuja mchana," Shomari akasema, "akaondoka jioni."

Mwanahalima akacheka, kwa pua, akajizuia. Udongo ukapita kifua, ukafika begani. Manyunyu yakaanza, mepesi, yakichora madoa kwenye vumbi. Ikabaki nafasi moja kati ya ufito na ufito, pana kama uso wa mtu, na katika nafasi ile, kwa kuwa wote wawili walikuwa wameinuka kwa pamoja kuijaza, akamwona.

Tangu harusi hakuwa amemtazama. Alikuwa akijua vikohozi vyake, mgongo wake, visigino vyake vikiondoka. Sasa lilikuwa jicho moja na nusu ya lingine, kope zimejaa tope, mvi mbili kwenye nyusi ambazo hakuna aliyemwambia kwamba zimeota, na jicho lile halikujua likimbilie wapi, kwa kuwa nyuma yake palikuwa na ukuta wa pili na mbele yake palikuwa na yeye.

Mwanahalima akainama, akachota donge kubwa kwa mikono miwili, akalifinyanga vizuri.

"Fumba macho, baba," akasema. "Linakuja."